Hafukati ya Tourer V ndani ya GX100: uzoefu wangu na hesabu zake

Nilichonunua ni hafukati ya Toyota Mark II Tourer V, yaani nusu ya mbele ya JZX100: injini ya 1JZ-GTE VVT-i, gia boksi ya otomatiki, waya zote, kontroli boksi (kompyuta ya injini), rejeta, intakula (kipoza hewa ya turbo) na breki za mbele. Imeingia kwenye GX100, ndugu ya JZX100 iliyokuwa na injini ndogo ya 1G-FE isiyo na turbo. Kazi imefanyika nyumbani hapa Unguja, isipokuwa kuchomelea ekzozi na kubalansi propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), ambazo ni kazi za watu wenye mashine. Naipa nyota nne kati ya tano. Sababu ya kuinyima ya tano iko nyuma ya gari, nitaifikia.

Bei ya injini siyo bajeti. Hili ndilo ningependa kila mwenye GX100, GX90 au Verossa ya 1G alishike kabla hajatoa hata shilingi ya advansi. Katika kila shilingi mia ya kazi hii, hafukati imekula kama 45. Propela na difu 13. Mkanda wa taimingi, sili, gasketi na pampu ya maji 8. Mambo ya kupoza injini 8. Ekzozi 7. Breki na tairi 6. Upande wa petroli 5. Zilizobaki 8 ni akiba, na akiba hiyo haibaki: inaishia kwenye hozi, klipu, soketi, bolti zilizokatika na usafiri. Mtu akiwa na pesa ya injini tu, asianze. Gari litakaa juu ya mawe uwani, na mvua za masika zitalikuta hapo hapo.

Kwa nini hafukati na siyo injini tupu? Injini tupu pale Ilala, Dar es Salaam, inaonekana rahisi mpaka uanze kutafuta vilivyoachwa. 1JZ hii ya VVT-i haina eya flo, yaani sensa ya kupima hewa inayoingia. Inasoma hewa kwa sensa ya presha, na sensa hiyo hufungwa kwenye bodi, kwa hiyo anayeng'oa injini huiacha huko huko. Ignaita, kiboksi kinachoamrisha koili zitoe cheche, nayo hufungwa kwenye bodi. Waya huwa zimekatwa kwa mkasi sentimita chache kutoka kwenye soketi. Kontroli boksi unayopewa huenda ni ya gia ya mkono wakati wewe una otomatiki. Kila kimoja hapo ni safari ya boti au ni wiki za kusubiri kontena. Hafukati inakuja navyo vyote vikiwa vimeunganishwa kama kiwanda kilivyoviunganisha, na kubwa zaidi, unaweza kuiwasha pale pale dukani. Betri, kidumu cha petroli, maji kwenye rejeta, basi. Muuzaji akikataa isiwashwe, ondoka.

Ikishawaka, iache ipate moto, kisha pima kompresheni. Toa plagi zote sita, toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili nozeli zisimwage, mtu akanyage mafuta mpaka chini, stata izungushe kwa betri yenye nguvu. Mimi natazama mambo mawili: hakuna silinda iliyo chini ya psi 130 (psi ni kipimo cha presha), na tofauti ya kubwa na ndogo isizidi psi 14 hivi. Silinda sita zikilingana zote zikiwa na uchovu kidogo ni bora kuliko tano nzuri na moja mbovu.

Turbo ya injini hii ni moja, CT15B, na gurudumu lake la upande wa moshi ni la seramiki. Fungua bomba la hewa, shika shafti kwa vidole viwili. Kwenda mbele na nyuma, isicheze kabisa. Kwenda juu na chini itacheza kidogo, lakini ncha za majani zisiguse ukuta. Kisha fungua upande wa ekzozi umulike kwa tochi: ukiona jani limemeguka, hiyo turbo imekwisha, hata kama inalia vizuri. Seramiki haipendi presha kubwa. Kiwandani inakaa kwenye presha ya kama kilo 0.7 kwa sentimita mraba, wengi wanaoipandisha kuikaribia kilo 1 huja kuokota vipande kwenye ekzozi.

Kuhusu nguvu, karatasi zinasema 280 za farasi na torki ya newtonimita 378 kwenye mizunguko 2400. 1G-FE ya GX100 za mwanzo ina farasi 140, na ile ya VVT-i iliyoanza 1998 ina 160. Tofauti hiyo unaisikia zaidi kwenye torki. Gari lenye watu wanne na mizigo linapanda bila kushusha gia. Ndiyo maana sikuongeza chochote. Injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya oktani kubwa ya Japani, na mimi najaza ile iliyopo kwenye vituo vyetu. Kuipandishia presha kwa petroli hiyo ni kuitafutia kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, na injini ikigonga kwenye presha, pistoni ndiyo inayolipa.

Injini ikiwa bado chini, hapo ndipo pa kutumia pesa, kwa sababu ikishaingia mkono haupiti. Badilisha mkanda wa taimingi na tensha yake, roli, pampu ya maji, sili za kemshafti na krenkshafti, sili ya pampu ya oili, na gasketi za kava za valvu. Gasketi hizo zikivuja, oili inaingia kwenye visima vya plagi na injini inaanza kumisi. Mkanda wenyewe umewekewa kilomita 100,000, na usiamini kibandiko chochote ulichokikuta. Angalia puli ya krenkshafti kwa makini: ni vyuma viwili vilivyounganishwa na mpira, na mpira ukichoka, cha nje kinateleza na kukatika mbio mbio. Piga mstari wa rangi unaovuka mpira; mistari ikija kuachana, puli hiyo ni ya kutupa. Bolti yake hukazwa kwa zaidi ya newtonimita 300, kwa hiyo usiikaze kwa kubahatisha na spana fupi, tafuta spana ya kupimia.

Koili ni tatu kwa silinda sita. Kila moja imekaa juu ya plagi yake na inapeleka waya kwa plagi nyingine. Ikimisi ukikanyaga tu, na silensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa) iko tulivu, anza na nafasi ya plagi: ishushe mpaka milimita 0.8. Kisha nyaya, kisha koili.

Hewa ya chumvi ni adui wa soketi. Plastiki za soketi za nozeli na ile ya sensa ya joto zimeshaokwa miaka zaidi ya ishirini. Ukizibana vibaya zinavunjika kama biskuti. Nunua mpya kabla, pamoja na girisi ya umeme, na kila soketi uliyoigusa ipake kabla ya kuifunga. Shaba ikishapata kijani ndani ya waya, kata mpaka ufike penye wekundu.

Kwenye waya za bodi, usikate chochote mpaka uwe na michoro ya magari yote mawili mezani. Waya nyingi za JZX100 zinafuata zile za GX100, lakini rangi zikifanana si ushahidi kwamba kazi yao ni moja. Unazozitafuta ni chache: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, ethi, stata, pampu ya mafuta, taa ya injini, taa ya oili, taa ya chaji, geji ya joto, RPM, ishara ya spidi, swichi ya P na N, na ombi la AC. Pima kila moja kwa mita. Ethi zisiwe pungufu ya tatu: injini kwa bodi, injini kwa betri, na silinda hedi kwa bodi. Ethi mbovu inaleta magonjwa ya ajabu, na fundi atakubadilishia sensa tano bure.

Pampu ya 1G haitoshi. Ukiwa silensa utaona kila kitu sawa. Ukikanyaga, mafuta yanapungua wakati hewa imeongezeka, na mchanganyiko mkavu kwenye turbo unatoboa pistoni. Weka ya Tourer V au ile ya Walbro ya lita 255 kwa saa, na uipe waya mnene wake na relei yake kutoka kwenye betri yenye fyuzi. Kiboksi kinachoongoza kasi ya pampu hakiji na nusu ya mbele, kwa hiyo relei ndiyo njia ya mkato inayofanya kazi. Safisha na tenki. Uchafu wa miaka yote uliokaa chini utakwenda kwenye nozeli.

Sasa hiyo nyota iliyopotea. Hafukati inaishia kwenye miguu ya abiria wa mbele. Haina propela, haina difu. Propela ya GX100 hailingani na gia boksi hii, na difu ya 1G ni ndogo kwa torki hiyo. Inaweza kuvumilia dereva mpole, kisha siku ya tope au siku ya hasira inalia. Muuzaji hakulitaja hilo, na tangazo lake lilisema kila kitu kimo. Agiza propela nzima na difu ya Tourer V pamoja na shafti zake siku ile ile unayolipia hafukati, zije kwenye kontena moja. Ukichanganya difu ya uwiano tofauti, spidi mita nayo inadanganya, kwa sababu inahesabu kutoka kwenye gia boksi.

Otomatiki nimeipenda kwa kisiwa hiki. Foleni ya Mwanakwerekwe na Darajani haitaki klachi nzito. Ya mkono, R154, ni imara, lakini bei yake pekee inaweza kukaribia nusu ya hafukati, na bado hujanunua klachi, pedali na kontroli boksi yake. Kwa otomatiki badilisha ATF (oili ya gia boksi) na filta kabla haijafungwa, tumia Type T-IV.

Joto nimelipa uzito kuliko nguvu. Wakati wa kaskazi, gari limesimama kwenye foleni na AC imewashwa, ndipo mfumo unapopimwa. Rejeta iwe ya Tourer V iliyosafishwa au mpya, feni klachi iwe inashika, na mfuniko wa rejeta uwe mpya. Kavari ya feni usiiache, hata kama inakera kufunga. Jaza kulanti nusu na maji safi nusu. Maji ya kisima ya huku yana chumvi, yanakula alumini na kuziba njia. Turbo inakaa upande wa usukani, karibu na masta ya breki na shafti ya steringi. Bati la kuzuia joto lililokuja nalo lirudishwe lote. Watu hulitupa ili turbo ionekane, kisha oili ya breki inachemka.

Intakula ya kiwandani inakaa pembeni nyuma ya bampa. Inatosha. Ile kubwa ya mbele inaziba hewa ya rejeta, na kwa presha ya kiwandani hupati cha maana. Ekzozi ya 1G ni nyembamba. Tengeneza ya inchi 2.5 au 3 kutoka kwenye turbo mpaka nyuma.

Breki za mbele za hafukati ni kubwa kuliko za GX100, zifungwe zote: diski, kalipa na hozi mpya. Usiliendeshe gari hili kwa breki za zamani hata kwa majaribio ya kwenda Tunguu na kurudi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza: tia oili mpya, nunua lita 6 ili usipungukiwe, filta mpya. Toa fyuzi ya EFI, zungusha stata kwa sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime, ili turbo isizunguke kavu. Ndipo urudishe fyuzi. Ikiwaka, iache silensa, toa hewa kwenye mfumo wa maji, kagua uvujaji. Badilisha oili hiyo baada ya kilomita 500, halafu kila 5,000. Ukitoka mwendo mrefu, iache silensa dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Matumizi ya mafuta mjini ni kilomita 6 hadi 8 kwa lita, na mguu ukiwa mzito hata hizo hufiki. Bei ya mafuta hutangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar, kila mwezi, kwa hiyo piga hesabu hiyo mapema, siyo baada ya kufunga.

Kuna na makaratasi. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha injini kadi inasema uongo. Dai risiti yenye namba ya injini na karatasi za forodha za mzigo, uende nazo kwenye usajili wa magari na kwa bima yako kabla gari halijaingia barabarani. Hafukati isiyo na karatasi usiinunue hata ikishushwa bei nusu. Kwa walioko Pemba, muulizeni mapema mwenye chombo kama atapakia injini na gia boksi vikiwa vimeungana, maana ni zaidi ya kilo 200, na hakikisheni upande wa Wete au Mkoani kuna wa kushusha. Mwageni oili yote na maji yote kabla ya kupakia, zibeni midomo ya turbo na intakula kwa plastiki na tepu, na kontroli boksi ing'olewe isafiri na mtu mkononi.