Dawa ya kusafisha paa: kabla hujanunua, angalia maji yanakwenda wapi

Februari nilinunua dumu la lita tano la "dawa ya paa" hapa Arusha. Shilingi 35,000. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii ni kiboko, kuvumwani hairudi tena." Kweli haikurudi. Kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa paani, ulikauka ukapukutika wenyewe, vigae vikang'aa, nikamsifia yule kijana kwa majirani.

Masika yakaingia, maji ya paa yakashuka kwenye tangi letu la kunywa. Chai ikaanza kuwa na ladha ya sarafu, kama umeiweka shilingi mdomoni. Sufuria ya aluminiamu ninayochemshia maji ikaota vidoa vyeusi chini, ukipitisha kidole unasikia vishimo. Mwezi Mei gata la bati nyuma ya jiko lilikuwa limetoboka, mwanga unapenya. Fundi alipanda, akakwangua kidogo, akashuka na ukoko wa kijani-bluu kwenye ukucha. "Mrututu huu, mama. Wamekuuzia dawa ya kahawa." Mrututu ni salfeti ya shaba, ambayo wakulima huipulizia mikahawa kuua kuvu.

Tangu niliposimulia habari hii, wasomaji wameniletea za kwao, kuanzia Tengeru mpaka Marangu, na karibu zote zinafanana. Tunauliza kama dawa inaua kuvumwani na bei yake. Hakuna anayeuliza itashukia wapi. Kwa wenzetu wenye mabomba ya uhakika labda si neno, lakini huku chini ya Mlima Meru visima vingi vina floridi iliyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto wetu yanaonekana. Ndiyo maana tunakinga mvua. Paa ni kisima chetu. Ukilipaka kitu, umekipaka kikombe cha mtoto.

Kwa hiyo mimi napanga dawa kwa kipimo hicho kimoja, na sitapoteza muda kueleza ipi inatoa harufu nzuri.

Ya kwanza ni Jik, na sifichi kwamba naipenda. Ndani yake kuna hipokloriti ya sodiamu, kati ya asilimia 3.5 na 4, dawa ileile ambayo kwa vipimo vidogo sana hutumika kutibu maji ya kunywa. Ikimaliza kazi inavunjika, inabaki chumvi. Chupa ina kizibo kilichofungwa na ina tarehe, na tarehe ni jambo kubwa, kwa sababu hipokloriti huchoka ikikaa, na kwenye joto na mwanga huchoka haraka zaidi. Kwenye vigae nachanganya nusu kwa nusu na maji, asubuhi kabla jua halijawa kali, naiacha dakika 15 mpaka 20, kisha nasuuza kwa mpira wa bustani. Migomba na maua ya chini namwagia maji kwanza, yasiungue. Ubaya wake ni mmoja: inakula bati. Usiiweke kwenye mabati wala kuiacha ilale kwenye gata. Na isikutane na asidi ya chooni hata kidogo, hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Wa mabati, chenu ni benzalkonia kloridi. Wafugaji wa kuku wanaijua, imo katika dawa nyingi za kusafishia mabanda, ila hakikisha unayopewa haijachanganywa na vitu vingine. Ni mpole zaidi kwa chuma na haihitaji kusuguliwa; unapulizia paa likiwa kavu, unaacha wiki kadhaa, kuvumwani inageuka kahawia na mvua inaiondoa. Nimeiweka ya pili kwa sababu haivunjiki upesi kama Jik. Mvua za mwanzo zinashuka nayo ikitoa povu, na ni sumu kwa samaki, kwa hiyo mwenye bwawa la sato aiache.

Klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea ni kali mno, wengi hawajui kuipima. Siki na asidi zinakula saruji ya kigae na zinki ya bati. Sabuni ya unga ni rahisi, inatoa vumbi, basi. Mrututu, hata ukipewa bure, uache shambani: shaba ikikutana na zinki, zinki ndiyo inayoliwa.

Na wenye paa la zamani la asbesto, msilipige brashi wala mashine ya maji ya presha. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki.

Yoyote utakayonunua, chomoa bomba linaloingia kwenye tangi kabla hujafungua chupa. Kiwiko tu cha PVC, kazi ya dakika tano. Kibaki nje unaposuuza, na mvua mbili tatu kubwa zipite kabla hujakirudisha. Kata pia matawi ya mgrivea yanayoegemea nyumba, maana ile kuvumwani yangu yote ilikuwa upande wa kusini chini ya mgrivea, ambako jua la Juni na Julai halifiki.

Kinachoniumiza zaidi ni uuzaji wenyewe. Dumu langu lilikuwa la mafuta ya kupikia, lebo imebanduliwa, halina jina la kemikali, asilimia, wala tarehe. Tunayo Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani tangu mwaka 2003, tunaye Mkemia Mkuu wa Serikali, halafu mtu anachota mrututu kwenye pipa na kuniuzia niuweke juu ya maji ya wanangu. Niliporudi kuuliza, nikajibiwa, "Mama, si ulitaka paa lisafike?" Shilingi 35,000 ilikuwa ya dawa tu. Gata jipya na kazi ya fundi ni bei nyingine, na lita 2,000 za tangi nilizimwaga zote, nikasugua ndani kwa brashi, nikabaki kununua maji ya madumu wiki tatu huku mvua ikinyesha nje.

Muuzaji akishindwa kukuambia dumu lina nini ndani na ni asilimia ngapi, liache hapohapo kaunta.