Loretta Lynn: uanze na Van Lear Rose au Full Circle?

Kama hujawahi kumsikiliza bibi Loretta Lynn, mwimbaji wa kantri wa Kentucky, Marekani, hizi albamu mbili za uzeeni ndo pa kuanzia, ila hazifanani kabisa. Van Lear Rose ilitoka 2004 akiwa na miaka 72, produsa ni Jack White wa bendi ya White Stripes, kijana wa rock kabisa, na humo gitaa linanguruma mpaka spika zinatetemeka lakini sauti ya mama haimezwi hata kidogo. Wimbo wa Portland, Oregon wameimba wote wawili wakabeba Grammy, na albamu yenyewe ikachukua Grammy ya albamu bora ya kantri. Ila unaonimaliza mimi ni Miss Being Mrs., gitaa moja tu, anamlilia marehemu mumewe, anasema pete ya ndoa kaivua kaihamishia mkono wa kulia, jamani!

Full Circle ya 2016 imetulia zaidi, alikuwa anakaribia 84, kaisimamia binti yake Patsy pamoja na John Carter Cash, mtoto wa mwimbaji Johnny Cash. Humo kuna nyimbo za kale za milima ya Appalachia, kuna Whispering Sea ambao ndo wimbo wake wa kwanza kabisa kutunga, halafu mwisho anaimba na Willie Nelson kuhusu kifo bila woga wowote. Nzuri sana, ila Fist City na nyingine kadhaa alishazirekodi zamani, na mimi zile za zamani bado nazipenda zaidi.

Anza na Van Lear Rose, tena kwa sauti ya juu.