Mofini au amitriptilini: ipi hutuliza maumivu vizuri zaidi?

Mofini huiga endofini, kemikali ambazo ubongo hujitengenezea wenyewe: hujishikiza kwenye vipokezi vilevile vya seli za neva, katika shina la ubongo na uti wa mgongo, na kuzuia taarifa ya maumivu isipite. Amitriptilini haiigi chochote. Huzuia serotonini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka taarifa kati ya seli za neva, zisirudi upesi ndani ya seli zilizozitoa, ili ziendelee kufanya kazi katika njia za neva zinazoteremka kutoka ubongoni kupunguza maumivu.

Kwa kasi, mofini haina mpinzani. Ile ya maji huanza kutuliza ndani ya takriban nusu saa, ingawa nguvu yake hudumu saa 4 hivi. Amitriptilini, kidonge cha miligramu 10 au 25 kinachomezwa usiku, huweza kuchukua wiki kadhaa, na wagonjwa huiacha mapema wakidhani imeshindwa.

Hata hivyo, kwa miguu inayowaka moto kutokana na kisukari, au maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, kwa kawaida amitriptilini hutangulia. Maumivu makali ya saratani ni uwanja wa mofini.

Mofini hufunga choo, hivyo huandamana na dawa ya kulainisha, na upatikanaji wake hubanwa na sheria, ijapokuwa Uganda imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Amitriptilini ni rahisi kwa bei, lakini hukausha kinywa, huleta usingizi, na mwenye ugonjwa wa moyo amweleze daktari kwanza.