Matairi ya gari Dar: dukani, mtandaoni au mtumba, kipi kianze

Bei ya tairi unayotajiwa WhatsApp na bei utakayokuwa umelipa gari likirudi barabarani hazifanani. Katikati yake kuna nauli ya bodaboda au kirikuu, kufunga, balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu), valvu, alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu), na mara nyingi cha juu cha fundi au winga aliyekupeleka. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha Kariakoo na Instagram, mwulize kila muuzaji swali lile lile: matairi manne, yakiwa yamefungwa na kubalansiwa, yana valvu mpya, pamoja na risiti ya EFD, ni shilingi ngapi? Hapo baadhi ya waliokuwa rahisi hupanda ghafla, na baadhi ya waliokuwa ghali huonekana wa kawaida.

Saizi usiinakili kutoka kwenye tairi lililopo. Gari nyingi za hapa zimetoka Japani zikiwa na matairi ya mwenye gari wa mwanzo, kisha zimepita kwa watu wawili watatu, kila mmoja kafunga alichopata. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo ya mlango: kina saizi na upepo unaotakiwa. IST nyingi ni 185/65R15, Noah nyingi 195/65R15, Harrier nyingi 225/65R17, lakini kibandiko cha gari lako ndicho mwamuzi.

Muuzaji asiye na saizi yako atakwambia "hii inaingia bila shida". Kuingia itaingia. Swali ni kimo. Chukua 185/65R15: upana milimita 185, ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani milimita 120, zidisha kwa mbili, ongeza rimu ya inchi 15 ambayo ni milimita 381, unapata kimo cha kama milimita 621. Ukipewa 195/65R15 kimo ni 634, zaidi kwa asilimia mbili: spidomita itasoma chini kidogo ya mwendo halisi, na usukani ukikatwa wote tairi linaweza kugusa plastiki ya ndani ya bodi. 195/60R15 ni 615, karibu zaidi na la awali. Kwa gari linaloendesha magurudumu yote manne, kama RAV4 au Harrier ya aina hiyo, usicheze kabisa na kimo, na usichanganye mapya mawili na yaliyokwisha mawili. Magurudumu yakizunguka kwa kasi tofauti muda wote, mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma unachemka na kufa mapema, na bei yake inazidi seti nzima ya matairi.

Baada ya saizi kuna namba na herufi ambazo wanunuzi wengi huziruka, mfano 88H. Namba ni uzito ambao tairi moja linabeba: 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615, 102 ni kilo 850. Herufi ni mwendo wa juu linaouhimili: S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210. Usishuke chini ya namba iliyotoka na gari. HiAce inataka tairi lenye alama ya C au LT, yaani la kubeba mzigo. Ukiifunga tairi la gari dogo lenye upana ule ule kwa sababu ni rahisi, likiwa na abiria kamili kwenye lami ya moto ya kwenda Chalinze ubavu unapinda kupita kiasi, unachemka ndani, na tairi linabasti.

Kisha tarehe. Tafuta neno DOT kwenye ubavu. Mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mara nyingi zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usipoziona geuza. Chini ya miaka miwili ni sawa kabisa. Ikizidi mitatu, ombeni punguzo na mkague nyufa. Ikizidi mitano, liache hapo hapo hata kama nywele zake za mpira bado zimesimama. Raba huzeeka hata tairi lisipotembea, na jua la Dar huharakisha kazi hiyo. Kwa sababu hiyo pia lile tairi linalopangwa nje ya duka kando ya barabara mwaka mzima siyo la kununua. Ombeni la stoo.

Tukija kwenye mahali pa kununua, mpangilio wetu ni huu.

La kwanza: duka linalouza na kufunga pale pale

Yako mengi kandokando ya barabara kubwa, yenye mashine ya kuvulia tairi, mashine ya balansi na mara nyingine ya alaimenti. Bei ya tairi lenyewe huwa juu kidogo kuliko Kariakoo, na bado tunaliweka mbele, kwa sababu ya lawama. Tairi likitetemeka, likivuja mdomoni (linapokutana na rimu) au likiota nundu wiki ya kwanza, ni mtu mmoja tu wa kumrudia. Ukinunua kwa huyu na kufunga kwa yule, muuzaji atasema fundi kaliharibu, fundi atasema tairi lilikuja bovu, na wewe utabaki katikati umeshika risiti.

Waranti iandikwe kwenye risiti: miezi mingapi, na inahusu nini. Kwa kawaida inahusu kasoro ya kiwandani, kwa mfano kashata (raba ya mifereji inayokanyaga barabara) kubanduka au tairi kutokuwa la duara. Nundu ubavuni baada ya kupiga shimo haimo, na hiyo ndiyo ajali ya kila siku Goba na Kinyerezi. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Haitengenezwi, na fundi anayesema ataishona usimwachie gari.

Kuhusu chapa, tumia hela kwa akili. Bridgestone, Yokohama au Michelin zina faida ya kweli kwa anayekwenda Dodoma au Mbeya kila mwezi, hasa breki kwenye mvua. Kwa gari la Tabata hadi Posta, tairi la kati kama Apollo, au la Kichina linalojulikana kama Linglong au Triangle, likiwa na tarehe mpya na namba sahihi ya uzito, linatosha. Jina kubwa lenye tarehe ya miaka sita linashindwa na Mchina wa mwaka huu.

La pili: mtandaoni, kwa duka lenye mlango hapa Dar

Simu inashinda miguu kwenye jambo moja: kutafuta. Kwa saizi za kawaida haina haja sana, lakini kama gari lako linavaa saizi adimu, kuzunguka Kariakoo siku nzima ni kupoteza nauli. Ingia Jiji (tovuti ya matangazo), Instagram na Facebook, andika saizi kamili, wape wauzaji watano ujumbe ule ule.

Kabla ya kuongea bei, omba picha tatu na video moja. Picha ya saizi pamoja na namba ya uzito. Picha ya tarakimu nne za DOT kwa kila tairi kati ya manne. Picha ya ndani ya tairi. Kwenye video mwambie muuzaji azungushe tairi taratibu huku akiitaja saizi na jina la duka. Anayetuma picha ya tangazo la kiwanda badala ya tairi lenyewe huenda hana tairi. Anatafuta mnunuzi kwanza, kisha atakwenda kulichukua kwa jirani na kuongeza cha juu. Siyo kosa la jinai, ila unalipia mtu wa kati bila kujua, na tarehe utakayoletewa siyo uliyoonyeshwa.

Malipo yawe baada ya kuona. Ukiombwa "advansi ya kushikilia mzigo", angalia jina linalojitokeza ukiingiza lipa namba. Likiwa la duka, na ndilo litakalokuwa kwenye risiti, unaweza kuendelea kwa kiasi kidogo. Likiwa namba ya mtu binafsi, nenda mwenyewe au achana nayo. Njia nzuri kuliko zote ni kumwambia muuzaji alete mzigo kwa fundi wako mwenye mashine, mkutane pale, usome ubavu, ndipo ubonyeze namba ya siri. Tairi likishapanda kwenye rimu halirudishwi, hivyo ukaguzi ni kabla ya mashine kugusa kitu.

La tatu: Kariakoo na Gerezani, ukabebe mwenyewe

Hapa ndipo bei ya tairi peke yake huwa ya chini, hasa ukichukua manne taslimu. Ukishuka tu, winga atakudaka na kukuuliza unatafuta nini. Kumfuata siyo dhambi, lakini ujira wake uko ndani ya bei yako. Ingia maduka matatu peke yako kwanza. Nenda asubuhi katikati ya wiki, saizi ukiwa umeiandika, na usikubali seti yenye tarehe mchanganyiko: mawili ya mwaka huu na mawili ya miaka mitatu nyuma ni mbinu ya kumaliza stoo. Jumlisha nauli ya kubeba na gharama ya kufunga kwingine. Jumla ikipishana kidogo tu na bei ya duka la namba moja, haikufai.

La nne: kuagiza China au Dubai

Kwa seti moja, usijisumbue. Mizigo ya meli hutozwa kwa ukubwa, na tairi ni hewa tupu: moja la 185/65R15 linakula kama mita za ujazo 0.07, manne karibu 0.28. Weka usafiri, ushuru, VAT na wiki za kusubiri, kisha fikiria ukipokea moja lenye kasoro utalirudisha wapi. Inaanza kuleta maana kwa mwenye magari mengi au duka.

La tano: mtumba

Tunajua kwa nini watu wanaununua, na hatumlaumu mtu. Ila piga hesabu. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha mifereji kama milimita 8. Likibaki na 3, kwenye maji ya masika breki yake imeshapungua sana, kwa hiyo mali unayonunua ni milimita 5. Mtumba mzuri wenye milimita 5 umebakiza 2 tu za kutumia, yaani asilimia 40 ya jipya. Ukiuziwa kwa nusu ya bei ya jipya, umenunua ghali, na utalipa kufunga mara mbili.

Ukilazimika, kuna mambo matatu ya kukataa. Kwanza, neno STUDLESS au alama ya theluji ubavuni. Hayo ni matairi ya baridi ya Japani, raba yake laini mno. Kwenye lami yetu yanaisha haraka na gari linayumba kwenye kona. Pili, tairi lililochongwa kashata. Ndani ya mifereji kuna vijinundu vya alama ya TWI (kipimo cha kuisha kwa tairi), vyenye kimo cha milimita 1.6. Mfereji ukiwa umechimbwa chini kuliko kitako cha vijinundu hivyo, au vijinundu havipo kabisa, kuna mtu kapita na kisu, na kati yako na waya kumebaki raba nyembamba. Rangi nyeusi inayong'aa hupakwa kuficha hayo, futa kwa kitambaa. Tatu, kiraka ubavuni. Angalia ndani kwa tochi ya simu. Pancha ya katikati iliyozibwa vizuri inakubalika, ya ubavuni haikubaliki.

Ukurasa usio na duka, usio na risiti, unaotaka hela yote kwanza hatuupi namba.

Siku ya kufunga

Simama karibu, usiende kunywa chai. Mwambie fundi akate valvu za zamani; mpya ni hela ndogo, na valvu iliyochoka ndiyo inayoacha tairi jipya likishuka upepo kila wiki. Rimu za aloi zisifungwe kwa vyuma vya mkono, vinakwaruza na kuchana mdomo wa tairi. Tairi lenye mshale na neno ROTATION lielekee linakozungukia, na lenye OUTSIDE upande huo uonekane nje. Bila balansi, usukani utaanza kutetemeka kwenye mwendo wa 80 hadi 100.

Ukinunua mawili tu, yafungwe nyuma. Fundi atabisha, kwa kuwa mbele ndiko kunakoisha haraka. Lakini nyuma ikiwa kipara na mbele ikiwa mpya, gari likiingia kwenye dimbwi mkia ndio unaoteleza, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Yaliyobaki yenye afya yahamie mbele.

Soma pia matairi yanayotolewa. Yameliwa pembe ya ndani tu: alaimenti imepotea, au bushi na tairodi zimechoka, na mapya yataliwa vile vile ndani ya miezi michache usiporekebisha. Kingo zote mbili: yalikosa upepo. Katikati: yalizidishiwa.

Upepo ujazwe kwa kibandiko, siyo kwa mazoea. Kikisema 230 kPa, gawanya kwa 6.9, unapata kama psi 33 kwenye geji ya fundi. Upimwe tairi likiwa la baridi. La moto husoma juu, na ukilipunguza kesho asubuhi litakuwa chini. Naitrojeni ya kulipia iache, hewa ya bure tayari ina asilimia 78.

Nati zikazwe kwa kupishana, siyo kwa kuzunguka. Toyota nyingi ndogo zinataka niutoni-mita 103, ambazo mashine ya upepo huzipita kirahisi na kupinda diski ya breki. Mwisho wakaze kwa spana ya mkono, na ukishatembea kama kilomita 100, shuka ukazirudie mwenyewe kwa spana iliyo kwenye buti.