Kinjeketile chini ya mwembe, Wete

Nimeisomesha tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile ya mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi za Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, zaidi ya miaka ishirini, hapa hapa Wete, na mpaka juzi nilikuwa sijapata kuiona ikichezwa. Darasani tulikuwa tukipokezana: wewe soma Kitunda, wewe Bi Bobali, wewe askari, kengele ikilia tunafunga kitabu. Basi niliposikia kuna vijana wa mtaani wataucheza mchezo mzima, nilitoa shilingi elfu tatu zangu, nikakunja mkeka, na baada ya sala ya isha nikamshika mjukuu wangu mkono tukenda.

Ni uwanja wa skuli. Viti vya plastiki mbele, majamvi nyuma, taa mbili zimefungwa kwenye mwembe. Jukwaa hakuna.

Wameanza vizuri mno. Wale wasichana wawili, Bi Kitunda na Bi Bobali, walikaa chini na ungo katikati yao, wakazungumza shida na njaa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama majirani wanaochambua mchele barazani. Hawakutupigia kelele. Ungo ulikuwa mtupu na mikono yao ilikuwa inachambua vivyo hivyo. Hilo halimo kitabuni, wamelibuni wao, na nawapa heko.

Tatizo lilikuja pale Kinjeketile anapopandwa na pepo Hongo. Kijana ana sauti nzuri na kimo, lakini alitetemeka kama mtu mwenye baridi, kisha akatamka maneno yake safi, neno baada ya neno. Nyuma yangu bibi mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Huyu hajapanda." Watu wakamuunga mkono. Jamani, hii ni Pemba! Hapa mwenye pepo tunamjua tangu anavyoanza kupumua. Ngoma ilikuwepo, mpigaji ni hodari, ila ilinyamazishwa mapema ili maneno yasikike. Ningekuwa mimi, ningeiacha iendelee, na maneno yatoke kwa shida, mengine yapotee. Hata hao watu wa Ngarambe waliyasikia nusu nusu, ndiyo maana kila mmoja aliyafahamu anavyotaka, wakaenda vitani kabla ya Kinjeketile kusema wakati umefika.

Na kuna lile neno la Seyyid Said, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Hongo anawaahidi kwamba Mjerumani akishaondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said, kisha Kinjeketile mwenyewe anashtuka: kumbe amewatangazia watu wake bwana mwengine, tena wa Unguja! Seyyid Said alikuwa ameshafariki tangu 1856, na Vita vya Maji Maji vilianza 1905, lakini jina lilikuwa bado linatembea barani. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi kwa chaki: hapa mwandishi anaonyesha hivi na hivi. Juzi nilifahamu kwamba sijapata kuwaeleza kitu. Kijana alilitamka jina lile, akasita. Akatutazama sisi tuliokaa, si mwenzake. Uwanja mzima ukawa kimya, wazee kwa vijana. Kitabu kilitoka 1969, miaka mitano tu baada ya Mapinduzi yaliyomng'oa Sultani, na mimi ni mtoto wa mwaka wa Mapinduzi. Nyumbani kwetu jina lile lilikuwa halitajwi ovyo. Nasikia kulikuwa na waliowashauri vijana walikate neno hilo ili kuepuka maneno. Hawakulikata. Kwa hilo peke yake ningewalipa mara mbili.

Maji waliyagawa kwa kata ya kifuu kutoka kwenye mtungi, wakaturushia na sisi. Mjukuu wangu alipata matone mkononi, akaniuliza, "Bibi, na mimi risasi hainipati?" Sikumjibu. Vita vilipokuja, wakaanguka mmoja mmoja mbele yetu, karibu kiasi cha kuwagusa, mtoto aliushika mkono wake akauficha ndani ya kanga yangu.

Mwisho umeniudhi kidogo. Kinjeketile yuko kifungoni, anangoja kunyongwa, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye hakubali. Maneno yale kijana aliyapaza kama yuko mkutano wa hadhara. Mtu aliyekwisha choka vile husema taratibu, na sisi tungeinamisha vichwa kumsikiliza. Mwanangu, ukiyasoma haya, jaribu siku moja kuyasema ukiwa umekaa, unamwambia Kitunda, mwenzako wa kifungoni, peke yake.

Wanarudia Jumamosi hii. Viti vinajaa mapema na walio nyuma hawasikii vizuri, kwa hiyo njoo na mkeka wako ukae karibu na mwembe, upande wa mpiga ngoma. Mimi nakwenda tena, na safari hii namchukua dada yangu, aliyenizidi miaka kumi. Nataka nikae naye ubavuni litakapotajwa lile jina.