Nta au seramiki kwa gari jipya Unguja

Liache gari Mizingani, kando ya bahari, usiku mmoja wenye upepo, asubuhi pitisha kidole kwenye boneti: kinanata chumvi. Ndiyo maana mimi sisubiri, rangi mpya naikinga mapema.

Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya minazi. Unapaka kwa sponji, inakauka kidogo, unafuta. Ukikosea unarudia tu. Ila kwa jua letu, miezi miwili ikifika shukuru.

Seramiki, dawa ya maji inayoganda kuwa tabaka gumu juu ya rangi, hukaa mwaka na zaidi, lakini kosa lake ni gumu. Osha gari, lisugue kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari (clay bar) mpaka kiganja kiteleze, futa mafuta kwa spiriti, kisha paka kivulini, kipande kidogo kidogo. Joto na unyevu wa hapa huifanya ishike upesi. Ukichelewa kufuta, linabaki doa la kuondolewa kwa kung'arisha upya. Halafu maji yasiliguse kwa saa 24, kwa hiyo masika bila banda usijaribu.

Mwenye banda, ningemwambia apake seramiki Januari, wakati wa kaskazi. Anayelaza gari chini ya mwembe, nta inamtosha.