Zahanati ya binafsi kando ya mashamba ya miwa, Kilombero: tathmini ya huduma

Wakata miwa wanaofika bonde la Kilombero kila msimu kutoka mikoa mingine hulipwa kwa kiasi walichokata, kwa hiyo karatasi ya ED (cheti cha daktari cha kumpumzisha mgonjwa asiende kazini), ambayo kwa mwajiriwa wa mwezi ni nafuu, kwao ni ruhusa ya kulala bila ujira. Ndiyo maana zahanati hii, iliyo jirani na kambi zao, naipima kwanza kwa saa inazomtoa mgonjwa shambani, kisha kwa bei.

Kwa upande wa malaria inastahili sifa. Mlango hufunguliwa kabla magari ya kubeba vibarua hayajaondoka, kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na mwenye vimelea hupewa dawa mseto pamoja na onyo la kumaliza dozi hata akipata nafuu. Huduma ya namna hiyo ina faida inayohesabika: utafiti uliofanywa kwa wakata miwa wa Nigeria ulionyesha kwamba kuwapa nafasi ya kupimwa na kutibiwa malaria kuliongeza kipato chao kwa takriban asilimia 10 katika wiki zilizofuata. Hata waliokutwa hawana vimelea walinufaika, kwani walipojua kwamba ni wazima walikwenda kwenye kazi nzito zaidi zenye malipo makubwa.

Hapo ndipo zahanati hii inapoharibu. Mgonjwa asiye na malaria haambiwi kwamba hana. Hupelekwa kwenye kipimo cha Widal, ambacho kinaweza kuonyesha taifodi kwa sababu tu ya maambukizi ya zamani, kisha hutundikiwa dripu hadi mchana. Siku imekwenda, na fedha pia.

Kasoro kubwa zaidi iko dirisha la dawa. Diklofenaki huuzwa kwa kila anayelalamikia mgongo, bila kuulizwa amekunywa maji kiasi gani juani, ilhali dawa hiyo huweza kuumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji. Nchini Nicaragua na El Salvador wakata miwa wengi, vijana kwa wazee, wamepata ugonjwa sugu wa figo unaohusishwa na joto na kazi nzito, na mwenye ugonjwa huo harudi tena kwenye panga.

Kwa homa na majeraha ya panga, nendeni. Kwa maumivu ya mgongo au mkojo wenye damu, ningeshauri kituo cha afya cha serikali, ingawa foleni yake ni ndefu.